Shetani wangu kwenye katuni hatishi, nimfanyeje?

Wakuu, salaam. Nachora katuni ya kutisha. Adui mkuu ni shetani: pembe, mbawa, moto mdomoni, vyote vipo. Shida ni kwamba kila anayeisoma anacheka. Nimemwongezea meno, bado wanacheka. Jamaa mmoja kaniambia nikamsome Mephisto, shetani wa katuni za zamani za Marvel. Nimemtazama, naona jibaba jekundu lenye joho tu. Yule anatisha kwa kipi?

KalamuNyeusi: Usimtazame, msome. Alianza kutokea kwenye Silver Surfer namba 3, Desemba 1968, hadithi ya Stan Lee na michoro ya John Buscema. Anataka roho ya Surfer, yule shujaa wa rangi ya fedha anayepaa angani juu ya ubao, na kuipora hawezi, mpaka mwenyewe akubali. Basi anabembeleza. Ushawishi ukigonga mwamba, anamleta Shalla-Bal, mpenzi ambaye Surfer alimwacha kwenye sayari yao, Zenn-La, alipojitoa kumtumikia Galactus, jitu linalokula sayari, ili yao isiliwe. Hapo msomaji anatokwa jasho, maana hata yeye angekubali. Wa kwako anataka nini?

Mleta mada: Kuiteketeza dunia.

KalamuNyeusi: Ndiyo maana wanacheka.

BintiWaWino: Niongezee kidogo. Tangu 1954 katuni za Marekani zilibanwa na kanuni zilizokataza wafu wanaotembea, wanyonya damu, watu wanaogeuka mbwamwitu na kadhalika. Zilikuja kulegezwa 1971. Kwa hiyo Lee na Buscema wasingeweza kumwaga damu ovyo, ikabidi shetani wao aongee. Mimi naona kile kibano kiliwasaidia.

Halafu tafuta Ghost Rider wa 1972, katuni nyingine ya Marvel. Johnny Blaze anauza roho ili mlezi wake, Crash Simpson, apone saratani. Saratani inaondoka kweli! Kisha Crash anakufa akiruka na pikipiki kwenye maonyesho. Mkataba umetimizwa neno kwa neno, na mtu kaburini. (Mnunuzi wa roho aliitwa Shetani wakati ule, baadaye Marvel wakasema ni Mephisto huyohuyo.)

MzeeWaKijiwe: Wanangu, kweli mmekosa vya kuchora? Mashetani hayazoeleki.

BintiWaWino: Shikamoo mzee. Surfer alikataa mpaka mwisho, ile ungeipenda.

MzeeWaKijiwe: Marahaba. Nitumie basi niione.

Mleta mada: Nimepata pa kuanzia. Shujaa wangu ni fundi wa boti, mdogo wake kapotea baharini. Shetani anakuja mchana kweupe, anakaa kwenye benchi, anauliza bei ya kutengeneza boti. Moto nafuta. Pembe je?

KalamuNyeusi: Acha pembe, mvishe kofia. Asiivue mpaka fundi ashapokea malipo.