Uhujumu uchumi 1983: kwenu mlificha nini? Tupeane uzoefu

Mzee wa Moro:
Wakubwa shikamooni. Jana mwanangu kamcheka bibi yake anavyobandika kisabuni kilichoisha kwenye mche mpya. Nikamwambia kaa chini nikusimulie.

Vita vya Amin viliisha 1979, Mwalimu akatuambia tufunge mikanda miezi 18. Ile miezi mpaka leo sijui iliisha lini. Hapa Morogoro, ikisikika tu kwamba sabuni inakuja duka la ushirika, foleni inaanza usiku. Mama alipanga jiwe, akarudi kulala, jiwe likamshikia zamu. Sabuni isipofika, tulifulia majani ya mpapai.

Baba alikuwa anadunduliza miche kwa ajili ya harusi ya dada. Machi 1983 Sokoine, Waziri Mkuu wa wakati ule, akaanza kuwasaka walanguzi na wahujumu. Siku moja balozi wa nyumba kumi akapita kwetu. Hakuuliza kitu, kanywa maji, kaangalia dari, kaaga. Usiku huohuo wazee walichimba shimo migombani, wakafukia katoni mbili.

Halafu masika ikaingia. Siku ya tatu ya mvua, chini ya mgomba pakaanza kutoka povu. Povu jeupe, mchana kweupe, na jirani yuko uani kwake anachambua mchicha! Giza lilipoingia tukafukua, tukakuta uji. Mama hakuumwaga, aliuchuja kwa kanga. Muhula mzima shati langu la shule lilikuwa rangi ya udongo.

Mwana wa Kyaka:
Nyie mnalilia sabuni. Sisi 1978 tuliwakimbia askari wa Amin, tukavuka Mto Kagera kabla daraja la Kyaka halijalipuliwa, bibi kabeba mkeka na kuku mmoja. Tuliporudi, nyumba haina bati wala mlango, ng'ombe hata mmoja hayupo. Kuku ndiye aliyerudi nyumbani akiwa mzima.

Njaa Kali:
Unga wa yanga mmeusahau? Ugali wa njano, ukipoa unakuwa tofali.

Binti Duka:
Kwetu si kichekesho sana. Baba alikuwa na kiduka. Walikuta mifuko mitatu ya sukari nyuma ya kitanda, wakamchukua. Miezi minne ndani, akaachiwa bila hata kufikishwa mbele ya baraza la kesi za wahujumu. Alirudi kakonda, duka tupu, na sisi tulishazoea kuitwa watoto wa mhujumu.

Tarehe 12 Aprili 1984 Mwalimu mwenyewe akatangaza redioni kwamba Sokoine amefariki kwa ajali ya gari. Baba alizima redio, akakaa kizingitini, akalia. Mama akamuuliza, "Unamlilia huyu?" Hakujibu. Alifariki 2006 na sikuwahi kumuuliza.

Mzee wa Moro:
Pole sana dada. Aliyekulia karibu na Dakawa, ilikotokea ajali, atuambie siku ile ilikuwaje.

Halafu nimemsomea mama huu uzi. Anasema katoni hazikuwa mbili, zilikuwa tatu. Ya tatu ilikwenda wapi hataki kusema, anacheka tu.