Tumejuaje kwamba watu wa kale walizaana na Waneanderthali?

Mdadisi
Wakuu, naomba kueleweshwa. Tunaambiwa watu ambao asili yao si Afrika wana takriban asilimia 2 ya vinasaba vya Waneanderthali, jamii ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka. Lakini sisi na wao tuna babu mmoja wa zamani. Mbona vipande hivyo visiwe urithi wa huyo babu tu?

Mfukua Mapango
Mkuu, hata watafiti walilibishania hilo baada ya jenomu (mkusanyiko mzima wa vinasaba) ya Waneanderthali kutolewa mwaka 2010. Mimi kilichonishawishi ni urefu wa vipande. Kila kizazi kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, hukatana na kubadilishana sehemu, kwa hiyo urithi wa zamani huzidi kumegeka, kama shamba linalogawanywa kwa wajukuu na vitukuu. Tuliachana na Waneanderthali zaidi ya miaka 500,000 iliyopita. Urithi wa babu huyo ungekuwa umeshakatika vipande vidogo mno. Vinavyoonekana ni virefu kuliko hivyo, na ukipiga hesabu unakuta waliingia kwetu miaka 50,000 hivi iliyopita.

Halafu kuna lile taya lililopatikana mwaka 2002 katika pango la Peștera cu Oase, Romania. Mtu wa aina yetu, aliishi kama miaka 40,000 iliyopita. Vinasaba vyake vilisomwa mwaka 2015: asilimia 6 hadi 9 ni vya Kineanderthali, tena kwa vipande virefu ajabu. Maana yake alikuwa na Mneanderthali vizazi vinne hadi sita tu nyuma yake. Huenda ni babu wa babu yake! Kila nikilifikiria taya lile nasisimka.

Msomaji wa Usiku
Na yule binti wa pango la Denisova, Siberia? Kimebaki kipande cha mfupa tu, lakini mwaka 2018 ilithibitika kuwa mama yake alikuwa Mneanderthali na baba yake Mdenisova, yaani wa jamii nyingine ya binadamu wa kale.

Mdadisi
Hapo nimeelewa. Sasa mbona hakuna mtu aliye hai mwenye mitokondria ya Waneanderthali, vile viungo vidogo ndani ya seli vyenye vinasaba vyake vyenyewe?

Mfukua Mapango
Mitokondria hupita kwa mama peke yake. Mwanamke akizaa wavulana watupu, yake inaishia hapo, ingawa vinasaba vyake vingine vinaendelea kupitia wanawe. Ndiyo maana mitokondria ya Mneanderthali iliposomwa mara ya kwanza, mwaka 1997, haikuonyesha dalili yoyote ya kuzaana. Ilibidi kusubiri jenomu nzima.