Mjadala: Tovuti inayosomwa na Watanzania ikae Ujerumani au Dar?

Mleta mada

Wakuu, naweka msimamo wangu wazi mapema: tovuti ambayo wasomaji wake wako Tanzania ikae kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) iliyoko Tanzania, na tuwabane wenye mitandao mpaka bei ya bandiwidhi, yaani ya kusafirisha data, ishuke.

Nasimamia tovuti ya mitihani iliyopita ya kidato cha nne. Wanafunzi wanaingia usiku, kwa simu, bando likikaribia kuisha. Seva yetu iko Ujerumani kwa sababu ya bei tu. Kule seva ndogo inakuja na terabaiti 20 za data kwa mwezi. Hapa nilipoulizia, nilipewa kikomo kidogo, na ukikivuka unalipia kila gigabaiti. Hata Amazon, wanaokodisha seva nchi nyingi, bei yao si moja: kwa bei ya kawaida hutoza dola 0.09 kwa gigabaiti inayotoka Virginia, Marekani, na dola 0.154 kwa inayotoka Cape Town. Gigabaiti 1,000 ni dola 90 Virginia, 154 Cape Town. Kwa tovuti ndogo kama yetu hiyo tofauti ni posho ya mtu.

Naambiwa sababu ni umbali. Umbali una gharama, kweli. Kabla mkongo wa Seacom, waya wa intaneti unaopita baharini, haujafika Dar mwaka 2009 tulitegemea satelaiti. Lakini tazameni Australia. Mwaka 2014 Cloudflare, kampuni inayosambaza kurasa za tovuti duniani, walieleza kwamba bandiwidhi ya Australia peke yake iliwagharimu karibu sawa na ya Ulaya nzima, yenye watu mara 33 zaidi. Australia si nchi maskini. Kampuni moja ya simu, Telstra, ilikuwa imelishika soko, wakati Ulaya mitandao inakutana Frankfurt, Amsterdam na London na kupeana data, mara nyingi bila kulipana.

Jirani zetu waliliona hili mapema. Kitovu cha KIXP, mahali mitandao ya Kenya inapokutana na kupeana data, kilianzishwa Nairobi mwaka 2000 ili data ya Mkenya kwenda kwa Mkenya isizunguke ng'ambo. Kampuni ya simu ya Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki ya kusafirisha data ya kimataifa ni yake peke yake, kitovu kikafungwa, kikafunguliwa tena 2002. Kufikia 2020 karibu asilimia 70 ya data waliyotumia Wakenya ilipatikana ndani. Mwaka 2012 ilikuwa 30.

Mei 2024 mikongo ya Seacom na EASSy ilipokatika, tovuti yetu haikufunguka. Mwanafunzi yuko Temeke, mtihani anaoutaka umeandikwa na Watanzania, na hawezi kuufikia kwa sababu waya umekatika baharini. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mdau, Mombasa

Ndugu yangu, kwako sawa, kwangu hapana. Natengenezea tovuti hoteli za pwani, na wageni wanaozisoma wako Italia na Uingereza. Nikihamishia seva Kenya, mteja wangu analipa zaidi ili mgeni asubiri zaidi. Halafu kuna gharama ambazo hujazitaja: umeme, jenereta, dizeli, ushuru wa mitambo. Hata mitandao yote ikikutana kesho, bili ya umeme itabaki.

Mdau, fundi wa mitandao

Wote mnajadili seva iko wapi. Ulizeni imeunganishwa wapi. Nimeona seva iliyoko Dar, mita chache kutoka kwa msomaji wake, lakini mwenye seva na mtandao wa simu hawajaungana kwenye TIX, kitovu cha Tanzania kama KIXP ya Kenya. Ombi la msomaji linapanda mkongo, linafika Ulaya, linarudi. Hapo umelipa bei ya Dar ukapata kasi ya Ulaya, na mkongo ukikatika unazimika vilevile.

Na wewe mleta mada, hata ukihamia Dar, kagua seva za jina la tovuti, zile zinazoiambia simu tovuti iko wapi. Zikiwa nje zote, mkongo ukikatika simu haitajua pa kwenda. Angalia pia fonti (faili za maumbo ya herufi) na vipande vya programu unavyovivuta kutoka Marekani. Ukurasa unaweza kukwama ukivisubiri.

Mleta mada

Kaka wa Mombasa, nimekubali: seva ifuate msomaji, na msomaji wako yuko Ulaya. Hoja ya umeme pia sina jibu lake. Lakini msomaji wangu yuko Temeke, na kwake bado nashikilia nilichosema.

Fundi, hilo la jina la tovuti limenigusa. Nimekagua sasa hivi: zote mbili ziko Ujerumani, na fonti inatoka nje. Fonti nimeiondoa usiku huu. Kesho nitampigia yule mtoa huduma nimuulize kabla ya bei: mmeungana TIX na mitandao ipi ya simu? Mwenye majibu ya aina hiyo kutoka kwa watoa huduma wa Arusha, Mwanza au Dodoma ayaweke hapa, tulinganishe.