Miezi mitatu na nusu tangu nijifungue, nimelipia km 21 za Kili Marathon, nikishuka mlima mkojo unatoka. Niende au niache?

Mama Kichanga

Habari zenu wapendwa. Uzi ni mrefu kidogo mnivumilie, na nyie wanaume mnaotaka kucheka chekeni kwanza mmalize ndo mnishauri.

Mi niko Moshi, huku Rau. Nimejifungua mtoto wa kwanza mwishoni mwa Septemba, njia ya kawaida, ila nilichanika nikashonwa. Kabla ya mimba nilikuwa nakimbia haswa, sio kwa ajili ya picha. 2024 nilikimbia 21 ya Kili nikamaliza kwa saa 2 na dakika 14 na ule mlima wa Mweka niliupanda bila kutembea hata hatua moja (hii nitaisema mpaka wajukuu wanichoke). Hata ile Septemba 15 mkimbiaji wetu Simbu anachukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo nilikuwa na tumbo limenifika hapa, wanaingia uwanjani yeye na yule Mjerumani wanamaliza muda mmoja 2:09:48 wote wawili, mpaka picha ndo iamue, mume wangu wala haangalii TV ananiangalia mimi, anasema kaa chini utazaa hapa hapa sebuleni.

Basi nikazaa, mama mkwe akashuka kutoka Kibosho kuja kunitunza uzazi. Mtori asubuhi, mtori mchana, usiku maziwa, kukandwa maji ya moto, tumbo kufungwa khanga mpaka napumulia juu juu. Simlaumu, bila yeye ningechizika. Ila kabla ya mimba nilikuwa na kilo 62 na uzazi nimetoka nao na kilo 79.

Desemba zile siku 84 za likizo zikaisha nikarudi kazini, kufungua grupu letu la jogging watu wanatumiana uthibitisho wa malipo ya Kili, sijui shetani gani aliniingia nikajikuta nimelipia 21. Sikumwambia mtu. Nikaanza kutoka saa 11 na nusu alfajiri, km 2, km 3, nikasema mbona mwili unakumbuka.

Jumamosi iliyopita nikajifanya kwenda barabara ya Mweka kuonja kale kamlima. Kupanda nilitembea sana lakini nilifika nilipotaka. Sasa kugeuka kushuka, hatua kumi hazijafika nikasikia vuguvugu. Nikadhani jasho. Wapi. Kila mguu ukigonga chini kinatoka, nikibana natembea salama, nikikimbia tena kinatoka. Na nimevaa taiti ya kijivu jamani. Ya kijivu! Nikafungua chupa ya maji nikajimwagia kuanzia kifuani mpaka magotini ili nionekane nimezidiwa na joto. Bodaboda mmoja akasimama, "dada maji ya kunywa hayo unaogea?" nikacheka naye, nikapanda hiyo hiyo boda mpaka nyumbani, njia nzima nalia nyuma ya mgongo wake kimya kimya.

Kliniki ya wiki ya sita nilienda, mtoto alipimwa vizuri kila kitu, mimi niliulizwa "damu imekata?" nikasema imekata, basi nimemaliza.

Naomba kujua, hii itaisha yenyewe? 21 niende au? Na je kukimbia kunaharibu maziwa, maana mama mkwe anasema nikitoka jasho yanachacha.

Chalii wa Sakina

Dada usikate tamaa wewe ni jembe. Vaa pedi piga kazi, hakuna atakayekuchungulia. Kuna mzungu anaitwa Paula Radcliffe alizaa Januari 2007 na Novemba mwaka huo huo akashinda New York Marathon. Sasa wewe 21 tu ndo ikushinde?

Raba Mbovu

Chalii bana. Malizia hadithi basi. Huyo Paula alirudi mazoezini siku chache tu baada ya kuzaa, akapata ufa kwenye mfupa wa chini ya mgongo, akakaa nje miezi. Sehemu hiyo mnairukaga. Na alikuwa analipwa kukimbia, ana daktari wake na mtu wa kumkanda. Mleta mada ana kibarua na mtoto wa kunyonya.

Kama unataka mfano chukua wa jirani hapo Kenya. Faith Kipyegon alijifungua Juni 2018, akarudi mashindanoni mwaka uliofuata, dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo akaja kuibeba 2021.

Chalii wa Sakina

Sawa mkuu nimekuelewa. Nilikuwa natia moyo tu.

Shangazi Kiboriloni

Mdogo wangu nimesoma nikaenda kuketi nje kidogo kwanza.

Mimi nina miaka 51, watoto wanne. Nikipiga chafya kanisani navuka miguu kwanza. Kwaya niliacha 2015, watu wanadhani niligombana na mwalimu wa kwaya, kumbe kuna nyimbo za kuruka na kuyumba nikawa nasimama mstari wa nyuma kama mlingoti. Hakuna anayejua, hata baba watoto. Na sisi mama zetu walituambia hayo ni ya wanawake, ukizaa ndio hivyo, vaa khanga mbili.

Kwa hiyo usikae nayo. Miaka inaenda.

Na mkwe wako usimdharau, mzazi wa Kichaga kukaa ndani miezi mitatu halikuwa jambo la kijinga. Mtori nao upunguziwe sufuria tu.

Mama Kichanga

Shangazi umeniliza ofisini. Nimejifanya macho yana vumbi.

Nyonga Imara

Mimi ni mfiziotherapia (natibu misuli na viungo kwa mazoezi), niko Arusha, akina mama waliojifungua nawaona kila wiki. Nimechelewa kuona uzi, ngoja niandike kwa kirefu maana swali hili linakuja kila mwaka Kili ikikaribia.

Kuvuja mkojo baada ya kuzaa kunawapata wengi mno, lakini kuwapata wengi sio kwamba ndio kawaida ya kuishi nayo. Chini ya kibofu na kizazi kuna misuli imetandazwa kama chaga za kitanda, ndiyo imebeba kila kitu. Umeibebesha mimba miezi tisa, mtoto amepita katikati yake, ikachanika ikashonwa. Sasa unaposhuka mlima mguu unatua kwa kishindo kuliko tambarare, tumbo linasukuma chini, chaga bado hazijakaza, kinatoka. Ndio maana kupanda ulikuwa salama. Pedi inakinga nguo, kwenye misuli haina msaada wowote, na ukiendelea kuigonga hivyo unaweza kuanza kusikia uzito ukeni kama kuna kitu kinataka kushuka. Ukisikia huo uzito, au damu ikarudi, au maumivu ya nyonga, unaacha kukimbia siku hiyo hiyo na unaenda hospitali.

Mwaka 2019 wenzetu wa Uingereza walitoa mwongozo kwa mama anayetaka kurudi kukimbia: asubiri miezi mitatu kwa uchache, na hata ikifika miezi mitatu ajipime kwanza. Umezaa kwa kisu au kawaida ni hivyo hivyo. Jipime nyumbani: tembea dakika 30 mfululizo, simama mguu mmoja sekunde 10, chuchumaa nusu kwa mguu mmoja mara 10 kila upande, jogi papo hapo dakika moja, rukaruka kwa mguu mmoja mara 10 kisha mwingine. Kote huko pasiwe na maumivu, uzito wala tone. Ikigoma hata moja, kukimbia bado.

Mazoezi yenyewe mnaita kegel. Unavuta kwa ndani na juu kama unazuia upepo na mkojo kwa wakati mmoja, huku unapumua, makalio na mapaja umeyalegeza. Bana, hesabu mpaka 10 kama unafika, achia kabisa, rudia mara 8 mpaka 10, kwa siku mara tatu, halafu uyape miezi mitatu. Usifanye katikati ya kukojoa kila siku kama mnavyoshauriana, hiyo ni ya kuonja mara moja kujua misuli iko wapi. Na usitegemee kusoma tu, wengi nikiwaambia bana wanasukuma. Hapo Moshi hospitali ya KCMC wana idara ya fiziotherapia, nenda uulize, sema wazi "navuja mkojo", usiseme "nina shida ya kike" wakakupeleka kwingine.

Mama wa Kisu

Naongezea ya maziwa maana hapo ndo nina uzoefu, nimenyonyesha wawili huku nakimbia. Hayachachi mwaya. Mazoezi ya kiasi hayaharibu maziwa wala hayapunguzi, kinachopunguza ni kutokula na kutokunywa, mtu anataka kukata kilo 17 kwa wiki sita huku ananyonyesha. Anayenyonyesha anahitaji kama kalori 500 zaidi kwa siku, we unakimbia juu yake, ukijinyima utaanguka kwenye kiplefti cha YMCA watu wanakupiga video. Nyonyesha kwanza ndo utoke, matiti yawe mepesi, vaa sidiria mbili (moja ya kawaida moja ya mazoezi juu), ukirudi jifute jasho chuchu mpe mtoto. Af kapime damu, mi nilidhani nimekuwa mvivu kumbe hb (kipimo cha wingi wa damu) ilikuwa chini, nikapewa vidonge vya madini ya chuma nikafufuka.

Na Februari ya Moshi unaijua, saa tatu asubuhi jua limeshawaka. Hao wa 21 wanashuka Mweka saa hizo.

Mangi Bila Kahawa

Nilikuja kucheka kama mleta mada alivyosema. Nimeishia kumtumia mke wangu huu uzi. Amesoma, amenyamaza kama dakika tano, kaniambia "kumbe inatibika". Tuna mtoto wa miaka sita jamani.

Mama Kichanga

Nimejipima jana usiku. Kutembea fresh. Kusimama mguu mmoja fresh. Kuchuchumaa mguu wa kushoto unatetemeka kama mtoto wa ndama lakini nilimaliza. Kuruka, mara ya nne tu, tone. Mama mkwe kasimama mlangoni na mtoto mgongoni ananiangalia naruka kwenye zulia, anauliza "na rede mnacheza saa hizi?"

Nikamwambia ukweli. Sijui nilipata wapi ujasiri. Alikaa kwenye kochi akasema yeye safari ya Dar hapandi basi mpaka ajue litasimama wapi, toka amzae mume wangu. Nilikuwa najua anaogopa mabasi!

Shangazi Kiboriloni

Mlete na yeye hospitali. Mimi nimeshapanga Jumanne.

Raba Mbovu

Sasa 21 vipi?

Mama Kichanga

APDETI, wiki mbili baadaye, samahani mtoto alikuwa na mafua.

Nimeenda kwa fizio, dada mmoja mpole, kijana kuliko mimi. Alinieleza kila atakachofanya kabla ya kunigusa. Akaniambia bana, nikabana kwa nguvu zangu zote, akasema hapo mama unasukuma, sio kubana. Yani wiki nzima nilikuwa najisifia nafanya kegel kwenye foleni ya benki kumbe nasukuma chini! Akanionyesha kwa kutumia pumzi, ukitoa pumzi ndo unavuta, nikaipata mara ya tano au sita hivi, unasikia kabisa kama lifti ndogo inapanda. Amenikataza kukimbia kwa sasa, natembea haraka dakika 40, na mazoezi ya makalio na mapaja nafanyia nyumbani. Nyuzi zimepona vizuri, kizazi hakijashuka. Hb 10.4, na mimi nimeanza vidonge.

21 siendi. Niliandika hiyo sentensi nikaifuta mara tatu. Nimewaambia kwenye grupu, nikasema na sababu, kwa neno lake, mkojo. Kukawa kimya. Baadaye akina mama wanne wakanifuata inboksi mmoja mmoja, mmoja ni yule anayetuongozaga pesi mbele kila Jumapili.

Siku yenyewe nitaingia kwenye km 5, kwa kutembea. Mume wangu ndo anakimbia 21, amelipia wiki hii, nimemwambia asiponiletea chini ya 2:14 alale Kibosho.

Chalii wa Sakina

2:14 na ule mlima? Mara ya mwisho kukimbia ni lini huyo bwana?

Mama Kichanga

Harusi yetu, alikuwa amechelewa.

Mangi Bila Kahawa

Mama mkwe amekubali kwenda hospitali?

Mama Kichanga

Alhamisi, na shangazi. Wameshapeana namba, wanapigiana simu kila jioni, mimi hata siambiwi wanaongea nini.