Visa imeisha, maombi ya kuongeza muda hayajajibiwa, HR wamenitoa kwenye rota. Naruhusiwa kufanya kazi?

Mwana wa Ziwa:
Wakuu habarini. Naombeni ushauri wa haraka, hasa mlioko Uingereza kwa visa ya kazi ya kutunza wazee. Mimi Mtanzania, niko huku Midlands, kampuni ni ileile iliyonileta. Walinipa COS mpya (cheti cha udhamini cha mwajiri) mapema, nikajaza maombi mtandaoni na kulipa wiki kadhaa kabla visa haijaisha, alama za vidole nikamaliza. Visa yenyewe imeisha Jumapili, jibu bado.

Jana najiandaa na shifti ya usiku, sare nimeshavaa, nafungua rota kwenye simu: jina langu halipo. Nampigia meneja, ananiambia HR (idara ya wafanyakazi) wamesema nikae nyumbani mpaka nilete visa mpya. Nikajaribu kutoa ile namba ya kumwonyesha mwajiri, ukurasa unadai ruhusa yangu imeisha. Kodi ya nyumba hiyo inakuja. Kuna rafiki anataka kunipa akaunti yake ya kusambaza chakula nijishikize kidogo. Naogopa, lakini nitakula nini?

Kipara Ngoto:
Chukua hiyo akaunti dada, mjini mipango. Nani atakukagua na mvua hii?

Mama Salford:
Kipara, ushauri wako kautumie mwenyewe. Mdogo wangu, nimekaa upande wa ofisi kwenye kampuni ya kutunza wazee, hizi kesi nazishika mara kwa mara, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Kama ulituma maombi na kulipa KABLA ya visa kuisha, ruhusa yako haijafa. Kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya 1971 kinairefusha yenyewe mpaka jibu litoke, pamoja na masharti yake yote. Ulikuwa unaruhusiwa kufanya kazi hiyo kwa mwajiri huyo Jumamosi, na leo unaruhusiwa vilevile. Tarehe inayohesabiwa ni ile uliyotuma fomu na kulipa. Siku ya alama za vidole haihusiki hapo, ila usipozitoa ndani ya muda uliopewa, maombi yanaweza kukataliwa kama batili na 3C ikaondoka nayo.

HR hawakuonei kwa chuki, wanaogopa faini. Tangu Februari 2024 mwajiri anayekutwa ameajiri mtu asiye na ruhusa anaweza kutozwa hadi paundi 45,000 kwa kila mfanyakazi, na akirudia ni hadi 60,000. Mtu wa ofisi akiona "imeisha" kwenye skrini, damu inamwenda mbio. Kinga yake ipo, tena ni bure: Employer Checking Service, huduma ya ukaguzi ya Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya huku). Wewe huwezi kuijaza, lazima ajaze mwajiri. Ataweka jina lako, tarehe ya kuzaliwa na kumbukumbu ya maombi, na kwa kawaida jibu huja ndani ya siku tano za kazi. Likiwa zuri wanapata barua inaitwa Positive Verification Notice. Inawalinda miezi sita, ikikaribia kuisha wanakagua upya.

Halafu wanachosahau wengi: hata kabla barua haijafika, mwajiri aliyekukagua vizuri ulipoanza kazi, na ambaye ameridhika kwamba maombi yako yalitumwa kwa wakati, kinga yake inaendelea hadi siku 28 tangu visa iishe. Siku hizo wamepewa makusudi ili wafanye ukaguzi. Kukutoa kwenye rota siku ya kwanza hakukuwa na ulazima.

Leo hii waandikie barua pepe, siyo simu. Ambatanisha risiti ya malipo na ile barua ya kuthibitisha maombi yamepokelewa, yenye tarehe. Waombe kwa adabu wafanye ukaguzi huo na wakujibu kwa maandishi.

Mwana wa Ziwa:
Dada Mungu akubariki. Yaani hawakuniambia lolote kuhusu hizo siku 28. Mume wangu je? Ni tegemezi wangu, anafanya kazi ghala, visa yetu iliisha siku moja.

Mama Salford:
Mlimjazia fomu yake?

Mwana wa Ziwa:
Ndiyo, siku ileile, risiti yake tofauti.

Mama Salford:
Basi naye yuko salama kwa 3C yake mwenyewe. Kila mtu anabebwa na maombi yake. Nimeona familia mke kajaza kwa wakati, mume wakadhani yumo humohumo. Mwambie naye aende kwa HR wake na karatasi zake, asisubiri waanze wao.

Njia Nyeupe:
Dada nicheki inbox. Nina mtu ndani Home Office, paundi 300 visa inatoka wiki hii.

Mzee wa Luton:
Moderata, huyo mtoeni. Na wewe binti usimpe hata namba ya maombi. Anayetoa ushauri wa uhamiaji huku kama kazi lazima awe wakili au amesajiliwa na Immigration Advice Authority, wale waliokuwa wanaitwa OISC mpaka Januari 2025. Orodha yao iko mtandaoni, unatafuta jina unaliona.

Hiyo akaunti ya rafiki iache palepale. 3C imebeba masharti ya visa yako, na visa yako haikukupa kazi ya kusambaza chakula kwa jina la mtu mwingine. Kufanya kazi bila ruhusa ni kosa la jinai tangu sheria ya 2016, na hata hela uliyoipata inaweza kutaifishwa. Wakati huo faili lako liko mezani kwa mtu anayetafuta sababu. Mimi ningekopa kwa ndugu kuliko kupanda hiyo baiskeli.

Binti Tanga:
Nidandie hapohapo. Mimi maombi yangu ni ya kuhamia kampuni nyingine, na wapya wanataka nianze Jumatatu kwa kuwa "maombi yameshaingia". Ni sawa?

Mama Salford:
Hapana! Hapo ndipo watu wanapoumia. Kwa wapya huanzi mpaka jibu litoke. Unaweza kuendelea na kampuni ya zamani wakati unasubiri, kwa hiyo usiandike barua ya kuacha kazi kwa furaha ya COS mpya.

Mzee wa Luton:
Tena wote wawili msitoke nje ya nchi kabla ya jibu. Ukipanda ndege kwenda Dar, hata kama ni msiba wa mzazi, maombi yanahesabika umeyaondoa mwenyewe. Na wakikataa msikimbie kujificha: barua ya kukataa itakuambia kama una haki ya kuomba mapitio, na kwa visa hizi za kazi kawaida ni ndani ya siku 14. Ukiomba kwa wakati 3C inaendelea.

Mwana wa Ziwa:
Mrejesho wakuu. Niliandika barua pepe usiku uleule. HR walinyamaza siku nzima, kisha wakajibu kwamba hawakuwahi kufanya ukaguzi wa namna hiyo, wakaomba namba ya maombi. Leo asubuhi barua imewafikia, nimerudi kwenye rota kuanzia kesho usiku. Ila shifti nilizokosa wanasema hawalipi.

Mama Salford:
Alhamdulillah kwa hilo la kwanza. Kwa hilo la pili soma mkataba. Kama una saa za wiki zilizohakikishwa, wana la kujibu, maana ulikuwa tayari na uliruhusiwa. Kama ni ule mkataba usio na saa maalumu itakuwa ngumu zaidi. Piga ACAS, wale wa ushauri wa haki za kazini, ni bure na si lazima utaje jina la kampuni. Usikae nalo, muda wa kudai una kikomo. Na hiyo Positive Verification Notice waombe nakala, uandike kwenye kalenda yako wewe lini miezi sita inatimia, maana wao watasahau.