Tupeane uzoefu: mbwa wa familia akifa ghafla, mlimalizaje msiba huo nyumbani?

Mwana wa Isevya (mleta mada), Tabora

Wakuu, habari za muda huu. Naomba tupeane uzoefu kwenye jambo ambalo mtaani kwetu sijapata mtu wa kuliongea naye. Mbwa wetu Simba amekufa. Jioni alikula vizuri ugali wake na vichwa vya dagaa, akabweka treni ilipopiga honi kama kawaida yake. Saa tano usiku tukamsikia analia nyuma ya jiko. Tulimkuta anatetemeka mwili mzima, miguu imekakamaa, povu linamtoka. Tukiwa bado tunahangaika na simu kutafuta mtu wa mifugo, akakata roho.

Baba yangu ni mstaafu wa reli. Tangu mama afariki, Simba ndiye aliyekuwa anamsindikiza asubuhi kwenda kijiweni kunywa kahawa. Mzee akicheza bao, mbwa analala chini ya benchi mpaka mzee ashike fimbo yake, hapo naye anasimama. Sasa mzee haendi tena. Anaamka, ananawa uso, anakaa barazani, basi. Mwanangu wa darasa la pili naye kaacha kula pamoja nasi.

Akifa mtu tunajua la kufanya. Turubai linafungwa, kuni zinaletwa, kina mama wanapika, wanaume wanalala nje, watu wanaingia na kutoka wakitoa pole. Akifa mbwa hakuna anayebisha hodi. Shangazi kanijibu kwenye simu, "Si ni mbwa tu, tafuteni mwingine." Kwa hiyo nawauliza mliopitia: mlimzika wapi? Watoto mliwaambia nini? Na kama nyumbani kuna mzazi mtu mzima, mlimsaidiaje?

Mama Dagaa, Kigoma

Pole sana kaka yangu, na umpe pole mzee.

Mimi naanika dagaa huku Kibirizi. Mbwa wangu alikuwa anaitwa Mtasema, usiku analala kwangu, mchana yuko na sisi ufukweni. Kazi yake ilikuwa kunguru. Dagaa wakishaanikwa, kunguru wanajipanga juu ya mapaa wakisubiri mtu ageuze shingo. Mtasema wala hakuwa anabweka. Alikuwa anapita polepole katikati ya vichanja, kichwa juu, anawatazama mmoja mmoja, nao wanabaki huko huko juu. Wateja wa kutoka mbali walikuwa wanasimama kumwangalia.

Lori lililokuja kupakia mzigo likarudi nyuma likamgonga. Alikufa pale pale. Jirani yangu wa kichanja cha pili akavua khanga aliyojifunga kwa juu, siyo ya zamani, akatupa tumfunike. Tukamchimbia mahali pa juu, mbali na maji, tukarudi kugeuza dagaa kwa sababu jua halimsubiri mtu.

Kesho yake kunguru wakashuka. Hapo ndipo tulipolia. Siku ya kifo mikono ilikuwa na shughuli: kuchimba, kufunika, kuosha damu. Uchungu wenyewe ulikuja tulipoanza kupiga makofi na kurusha mawe kufanya kazi aliyokuwa anaifanya yeye. Nakuambia hili ili usishangae mzee wako akizidiwa baadaye kuliko siku ile ya kwanza. Kijiweni asubuhi ndipo kwenye pengo lake, na ndiyo maana haendi. Msimlazimishe, ila asiende peke yake. Wewe au mjukuu mfuatane naye, hata kama ni kukaa tu mpaka kikombe kiishe.

Na mzungumzieni Simba kwa jina lake. Sisi mpaka leo tukianika lazima mmoja amtaje Mtasema.

Msema Kweli

Poleni wakuu, lakini humu kuna watu wamezika watoto. Mbwa ni mbwa.

Mwana wa Isevya (mleta mada)

Nakuelewa ndugu yangu. Mimi nimemzika mama, na wala silinganishi. Ninachotafuta ni namna ya kumrudisha baba yangu nje ya nyumba.

Msema Kweli

Hapo nimekupata. Pole kwa mzee.

Mzee wa Chikichi, Ujiji

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa na kuzeekea Ujiji. Nina shamba la michikichi, na nilifuga mbwa kwa sababu ya nyani na wezi wa mikungu. Ndani ya nyumba sikumwingiza, maana kwetu mate yake ni najisi, chombo chake kilikuwa mbali na kwake palikuwa kibandani. Lakini mbwa wa kulinda shamba, wa mifugo na wa kuwinda dini imeturuhusu.

Nilimkuta asubuhi chini ya mchikichi, kagongwa na swila puani. Nikamzika hapo hapo shambani. Jambo lililonikalia vibaya ni kwamba sikuwa na wa kumwambia. Nilidhani wenzangu watanicheka, mzee mzima nasononeka kwa ajili ya mbwa. Baada ya alasiri imamu wetu akaniuliza mbona uso umeanguka, nikamweleza. Hakucheka. Alinikumbusha ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Akanikumbusha na wale vijana wa pangoni, na mbwa wao aliyenyoosha miguu kizingitini, ambaye Qurani yenyewe imemtaja pamoja nao. Nikatoka msikitini natembea vizuri.

Kwa hiyo baba yako, awe wa dini yoyote, mpelekeni kwa kiongozi wake wa dini aongee. Wazee wengi tunabaki na jambo kifuani kwa kuogopa kuchekwa, kumbe hakuna wa kutucheka.

Afisa Mifugo Mstaafu, Tabora

Poleni sana. Nitaongea ya kazi yangu, mnivumilie.

Mleta mada, kutetemeka, kukakamaa na povu, tena kwa mbwa aliyekula vizuri jioni, kunanifanya nifikirie sumu. Zipo dawa za wadudu wa shambani zinazomuua mbwa ndani ya saa chache. Sumu nyingi za panya zenyewe huzuia damu kuganda, mbwa hufa baada ya siku kadhaa akivuja damu kwa ndani, kwa hiyo zinakwenda mwendo mwingine. Bila kumpasua siwezi kukuhakikishia.

Lakini lazima nikuulize la kichaa cha mbwa. Siku za karibuni tabia ilibadilika? Alikuwa mkali bila sababu, sauti imebadilika, anashindwa kumeza, anakimbia ovyo? Aling'ata mtu, au alimlamba mtoto penye kidonda? Kama lipo hata moja, aliyeguswa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Asisubiri aone. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Nimeona familia inamlilia mbwa huku mtoto aliyekwaruzwa mkono anacheza uani, hakuna anayemkumbuka. Ndiyo maana nasema hata kwenye msiba.

Kuhusu kuzika: shimo lizidi mita moja, mbali na kisima. Vaa glavu, au vaa mifuko ya nailoni mikononi. Matapishi na chakula kilichobaki fukia humo humo. Msitupe mzoga jalalani, maana mbwa wa jirani na kunguru wakila nao wanakufa kwa sumu ile ile.

Na jambo la mwisho, maana kila nyumba huniuliza: "Tungewahi angepona?" Kwa sumu kali ya usiku, mara nyingi hata mimi ningefika na begi langu ningemkuta amekwisha. Mwambie mzee hivyo, mwambie limetoka kwa mtu aliyeifanya kazi hii mpaka amestaafu.

Mwana wa Isevya (mleta mada)

Ahsante sana daktari. Tabia haikubadilika hata kidogo, hakumng'ata mtu, na kadi yake ya chanjo ya mwaka huu ninayo. Tumemzika nyuma, chini ya mwembe. Shimo nimechimba mimi na kijana wa jirani, ni refu.

Mlina Asali, Sikonge

Mkuu pole. Wangu aliuawa na nyegere. Nyegere alikuja kuvunja mzinga, mbwa akamvamia, na mnyama yule mnamjua, akishikwa haachi. Nilimpakia mbwa kwenye baiskeli nikiwa na matumaini, akafia njiani. Sikumwacha porini ingawa wenzangu walisema nimwache, nikaja naye mpaka nyumbani.

Alikuwa anavaa njuga shingoni, ili nijue yuko wapi kwenye majani marefu. Nilizivua nikazitundika chini ya paa. Upepo ukipiga zinalia, na watoto wanatoka mbio. Mke wangu akaniambia, baba, zishushe, unawatesa. Nikazifunga kwenye kitambaa nikaweka sandukuni. Sikuzitupa. Angalieni vitu vya Simba, mnyororo na bakuli. Kama mzee anaviangalia na kutulia, viacheni. Kama vinamkata, viondoeni machoni, lakini msimchomee wala kumtupia bila kumuuliza.

Mwalimu wa Chekechea, Gungu

Naomba nijibu la watoto, maana hao ndio ninaoshinda nao.

Mtaa mmoja na mimi kuna mama mwenye huruma sana, mbwa wao alipogongwa na bodaboda aliwaambia watoto amepelekwa Kasulu kwa bibi yao. Watoto wakatulia, nyumba ikatulia. Likizo ya Desemba wakaenda Kasulu kweli. Yule wa kiume alishuka kwenye basi akaanza kupiga mluzi na kuita, "Popi! Popi!" Bibi hakuwa ameambiwa kitu, akauliza, "Popi yupi?" Mtoto akazunguka nyumba, akaangalia mpaka kwenye banda la mbuzi. Baadaye babu yake alipolazwa hospitali, mtoto akamuuliza mama yake usoni, "Yuko hospitali kweli, au na yeye ni Kasulu?" Yule mama alinisimulia huku analia.

Kwa hiyo semeni ukweli, kwa maneno mafupi. "Simba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii maumivu, hatarudi." Msiseme "amelala", wapo watoto wanaoanza kuogopa kulala. Mdogo wa miaka minne mitano atakuambia amekuelewa, kesho atakuuliza Simba anarudi lini. Umri huo bado haujashika kwamba kifo hakina kurudi, basi unajibu upya bila kukasirika. Wa darasa la pili anaelewa vizuri zaidi, na huyo ana swali ambalo hatalisema: je, nimemuua mimi? Labda alimrushia mfupa jioni ile. Mwambieni kabla hajauliza.

Na mpeni kazi. Aweke jiwe, amwagilie maji, achore picha. Wangu walichora mbwa mwenye miguu sita na nikaibandika ukutani hivyo hivyo.

Mdau wa Kwihara

Nyumbani kwetu si mbali na lile tembe alilokaa Livingstone. Kuna kisa chake watu hawakijui. Alikuwa na mbwa mdogo anaitwa Chitane. Januari 1867, huko ambako leo ni Zambia, msafara ulivuka bwawa pana, maji kiunoni. Yeye alitangulia, akasahau kuagiza mtu wa kumbeba mbwa. Wengine wote walikuwa wanahangaika wasianguke na mizigo. Mbwa akaogelea katikati yao mpaka akafa, hakuna aliyemwona. Mzee yule alikuwa na mambo makubwa ya kuandika kwenye daftari lake la safari, na bado akamwandika mbwa wake. Mleta mada, mwandike Simba. Alikuja lini, nani alimleta, alikuwa anapenda nini. Mzee asimulie, mjukuu aandike.

Dada wa Kaliua

La kuleta mbwa mwingine: msikimbilie. Kaka yangu alimletea mama kitoto cha mbwa wiki ile ile. Mama akawa anakiita kwa jina la yule aliyekufa, kikija anageuza uso. Tukakirudisha. Mwaka uliofuata mama mwenyewe akasema sasa nileteeni. Mzee ndiye aseme.

Mwana wa Isevya (mleta mada)

Wakuu, nimesoma yote na nimemsomea mzee. Ya daktari aliniambia nirudie, ile ya kwamba hata yeye angemkuta amekwisha. Akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa sumu hiyo nani ameiweka?"

Kumbe nyumba ya tatu kutoka kwetu kuku wawili walikufa usiku ule ule, na mbwa wa fundi baiskeli naye. Jana asubuhi mzee amechukua fimbo akaniambia twende kwa mwenyekiti wa mtaa. Tumekwenda na mjukuu wake. Mzee ndiye aliyeongea. Hakumtuhumu mtu, amesema tu kwamba mtaani kuna watoto wanaookota vitu chini, na kama kuna anayetega sumu kwa ajili ya mbwa wanaozurura ajitokeze tuongee. Mwenyekiti ameitisha kikao Jumamosi saa kumi. Tukirudi tumepita kijiweni. Hakucheza bao, lakini kahawa amekunywa.

Mbwa mwingine hataki kusikia, na sitalitaja mpaka alitaje yeye. Simulizi za Simba tumeanza, mwanangu ameshajaza ukurasa.

Afisa Mifugo, kama uko Tabora mjini, unaweza kufika kikaoni utuelezee hiyo sumu? Wengi wanahoji kwamba bila sumu mbwa wanaozurura watatumaliza.

Afisa Mifugo Mstaafu, Tabora

Nitafika. Mwambie mwenyekiti amwalike na afisa mifugo wa kata, maana yeye ndiye mwenye kazi hiyo sasa. Hoja ya mbwa wanaozurura ni ya kweli na ina majibu: chanjo kwa kila mbwa kuanzia miezi mitatu na kurudia kila mwaka, kuwafunga mchana, kuwahasi, na kufunika jalala linalowaita. Kutega sumu mtaani ni hatari kwa watoto, na kumtesa mnyama ni kosa, Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Kama kuna nyama au chakula kilichokutwa kimetupwa, msikishike kwa mkono mtupu. Kiwekeni kwenye mfuko, mfuko ndani ya kopo lenye kifuniko, mahali ambapo mtoto hafiki, mje nacho.