Wingu kijivu, wingu waridi: ipi ndiyo rangi yake?

Fundi_Brashi

Habari za usiku wakuu. Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba, mwaka wa kumi na saba huu. Mteja akiniambia anataka nyeupe namuuliza nyeupe ya chaki au ya pembe, akisema bluu tunakaa chini kabisa. Kwa hiyo msinijibu kwa mkato, maana rangi ndiyo kitu pekee ninachojidai kukijua.

Rafiki yangu kaniazima darubini yake ya kioo cha sentimita 15. Nikaielekeza kwenye Jabari, kundinyota ambalo wengi humu mnaliita Orion, chini ya zile nyota tatu za mkanda, pale penye upanga. Nikaliona wingu. Zuri, sikatai, ila kijivu! Kijivu cha saruji iliyoanza kukauka. Kuna nyakati nahisi lina ukijani kwa mbali, nikikodoa unakimbia.

Kesho yake nikafunga kamera kwenye stendi, lenzi ya milimita 50, sekunde 20. Wingu lile lile limetoka waridi. (Nyota nazo zimetoka kama vipande vya uzi, hilo nitauliza siku nyingine.)

Halafu nikaangalia picha za wakubwa. Zile Nguzo za Uumbaji, yaani minara ya gesi na vumbi angani: Hubble, ile darubini iliyoko angani, anazionyesha zikiwa na mandhari ya kijani na samawati, Webb, darubini nyingine ya angani, anazionyesha kahawia kama udongo, na nyota zimejaa kila mahali. Nguzo zile zile! Kwetu kazini hiyo ni kesi, ukuta mmoja hauwezi kuwa na rangi tofauti kila anapokuja mkaguzi.

Nilimwonyesha mama. Akaniuliza, "Mwanangu, tukienda huko ndivyo tutakavyoona?" Nikabaki kimya. Naombeni jibu la kumpelekea.

Kichwa_Kigumu

Jibu la kumpelekea mama: zimepakwa. Kuna mtu amekaa mbele ya kompyuta akachagua rangi kama wewe unavyochagua kwenye kadi ya sampuli. Halafu angalia nyota za Webb, zina miiba sita. Umewahi kuona nyota yenye miiba sita ukiwa umesimama nje? Mimi niliacha kuziamini siku hiyo.

Bi_Kilimia

Fundi, swali lako limenifurahisha kwa sababu limeulizwa na mtu wa rangi. Kaa, hili haliishi kwa mistari miwili.

Anza na jicho lako. Ndani yake kuna chembe za aina mbili. Za mchana hutofautisha rangi lakini zinataka mwanga mwingi. Za usiku huridhika na mwanga kidogo ila rangi hazizijui kabisa. Ulipochungulia Jabari, za mchana zilikuwa zimelala, ukawa unatazama kwa zile za usiku. Kijivu ulichokiona si cha wingu, ni cha kwako. Na ule ukijani unaokimbia haukuota. Oksijeni ya wingu lile inatoa mwanga wa nanomita 501 hivi (ndicho kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na kila rangi ina wake), na chembe za usiku zina ukali wao mkubwa karibu na hapo hapo. Wenye darubini kubwa kuliko yako huuona bila kubahatisha.

Jambo la pili, jicho halikusanyi. Wanasema haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha jicho kina tundu: mwanga ulioingia sasa hivi, punde umeshamwagika. Kamera yako ilikinga kwa sekunde 20 nzima. Hiyo ndiyo sababu Henry Draper, alipoipiga picha nebula hii, yaani wingu lako la Jabari, mwaka 1880, ya kwanza kabisa kupigwa, aliacha lenzi wazi kwa dakika 51. Miaka mitatu baadaye Andrew Common akatoa picha iliyoonyesha nyota ambazo jicho lilikuwa haliwezi kuziona kwenye darubini ile ile. Tangu siku hizo picha imekuwa shahidi mwenye macho makali kuliko aliyeishika kamera.

Sasa waridi yako. Sehemu kubwa ya wingu ni haidrojeni, na haidrojeni iliyochomwa na nyota changa za pale katikati hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 656. Hutoa pia samawati kidogo, 486. Changanya wewe mwenyewe, fundi: nyekundu nyingi na samawati kidogo, unapata nini? Ingekuwa nyekundu zaidi, ila kamera za kawaida zina kioo mbele ya sensa kinachopunguza wekundu huo ili ngozi za watu zisitoke kama zimeungua. Kwa hiyo waridi yako ni ya kweli, imepunguziwa chumvi tu.

Na ujue kwamba sensa ya kamera yako yenyewe haioni rangi. Kila kijitundu chake kimefunikwa kichujio kidogo: katika kila vinne, viwili vya kijani, kimoja chekundu, kimoja cha bluu. Kompyuta iliyo ndani ya kamera ndiyo inayokisia rangi kamili. Kwa hiyo ndugu Kichwa_Kigumu, yule mtu "aliyekaa mbele ya kompyuta" yumo hata kwenye picha zako za harusi.

Hubble hufanya hivyo hivyo, ila polepole. Hupiga picha nyeusi na nyeupe kupitia kichujio kimoja, kisha kingine. Nguzo za Uumbaji za mwaka 1995 zilipigwa kwa vichujio vitatu: salfa, haidrojeni na oksijeni. Hapa ndipo penye ujanja. Salfa inang'aa kwenye nanomita 672, haidrojeni 656. Zote nyekundu, zinakaribiana mno kiasi kwamba hata wewe na jicho lako la kazini ungeziweka kwenye ndoo moja. Kama wangeacha rangi za asili, salfa ingezama ndani ya haidrojeni usiione tena. Wakaamua: salfa iwe nyekundu, haidrojeni ipewe kijani, oksijeni ipewe bluu. Kila kijani unachokiona kwenye picha ile kinasema "hapa kuna haidrojeni". Mwanga umepimwa kweli kweli, ila nguo uliyovishwa imechaguliwa.

Webb yeye anaona mwanga ambao hauna rangi kwa binadamu. Wekundu wa mwisho tunaouona ni mikromita 0.7 hivi (ndizo nanomita 700), kamera yake ya picha hizi inakwenda hadi 5. Mwanga huo hupenya vumbi, ndiyo maana kwenye Nguzo za 2022 nyota zilizokuwa zimejificha nyuma na ndani zimetokeza kwa wingi. Kuipa rangi wanashusha ngazi nzima: wimbi refu linapewa wekundu, fupi linapewa bluu, mpangilio haubadilishwi. Ni kama kuhamisha wimbo kwenye sauti ya chini, noti zimehama, wimbo ni ule ule.

Mwambie mama hivi: hapana, tukienda hatutaona hivyo. Tena tutaona karibu kile kile ulichokiona kwenye darubini, ukungu hafifu, ila mkubwa wa kujaza mbingu. Watu hudhani ukilisogelea wingu litang'aa zaidi. Wewe unajua haiwi hivyo. Ukuta uliofifia ukiusogelea unakuwa mpana machoni, lakini kipande chake cha ukubwa wa kiganja hakiongezi mng'ao. Wingu la Jabari liko umbali wa miaka ya nuru 1,300 na ushei, na hata ukisimama mlangoni kwake halitakuwashia taa.

Kichwa_Kigumu

Bi Kilimia nimekuelewa kwenye vichujio. Miiba je?

Bi_Kilimia

Miiba ni sahihi ya chombo. Mwanga ukipita kando ya kitu hujipinda. Hubble ana vyuma vinne vinavyoshikilia kioo chake kidogo, nyota zake zina miiba minne. Webb ana kioo cha mita 6.5 kilichoungwa kwa vipande 18 vya pembe sita, ndiyo ile miiba sita mikubwa. Ukitazama vizuri utaona na miwili midogo ya kulala, hiyo inatoka kwenye nguzo za kioo chake cha pili. Hata lenzi yako inayo. Funga kidogo tundu la lenzi, piga nyota angavu, uhesabu. Visu vya tundu, vile vibamba vinavyolifunga, vikiwa shufwa unapata miiba sawa na idadi yake, vikiwa witiri unapata mara mbili. Visu saba, miiba kumi na minne. Fanya usiku wa leo uje utuambie.

Kichwa_Kigumu

Nimefanya. Kumi na minne. Nimeudhika kidogo.

Lakini bado nina neno. Umekubali mwenyewe kwamba nguo inachaguliwa. Basi anayechagua anaweza kunivalisha chochote.

Bi_Kilimia

Anaweza, na wapo. Kuna wanaochukua mwezi mkubwa wa lenzi ndefu wakaubandika nyuma ya mlima uliopigwa kwa lenzi fupi. Kuna wanaovuta rangi mpaka galaksi inafanana na pipi. Mimi picha nisiyoambiwa imepigwa kwa vichujio gani na kwa muda gani huwa naipita. Mwenye picha safi huandika: haidrojeni saa nne, oksijeni saa sita, na kadhalika. Picha za Hubble na Webb nazo maelezo yake huwekwa wazi, na data ghafi zinapakuliwa bure. Unaweza kuchukua zile nyeusi na nyeupe ukazivalisha mwenyewe. Kamera ya JunoCam, iliyofika kwenye sayari ya Mshtarii (Jupiter) mwaka 2016, ndivyo ilivyopangwa, picha ghafi zinawekwa hadharani na wengi wanaozisafisha ni watu kama sisi.

Na hizi nguo si mapambo tu. Mwaka 2022 wapenzi watatu wa kupiga picha anga, Drechsler, Strottner na Sainty, walikusanya mwanga wa oksijeni peke yake kando ya galaksi ya Andromeda kwa masaa mengi mno. Likatokea tao kubwa la gesi ambalo hakuna aliyewahi kuliripoti, pembeni ya galaksi iliyopigwa picha kuliko karibu zote. Lingechanganywa na rangi nyingine lingebaki limejificha.

Mkesha_Hoi

Wataalamu wameshamaliza, mimi nashughulikia vile vipande vya uzi.

Fundi, dunia inazunguka wewe umesimama. Gawanya 500 kwa urefu wa lenzi: 500 kwa 50 ni sekunde 10. Kama sensa yako ni ndogo, kama kamera nyingi za kuanzia, gawanya tena kwa 1.5, unabaki na sita na kidogo. Tena mkanda wa Jabari umekaa karibu juu ya ikweta ya anga, na hapo ndipo nyota zinapokwenda kasi kuliko popote. Chukua sekunde 5, usiwe na tamaa.

Sekunde 5 ni kidogo? Ndiyo, kwa hiyo piga 200. Siyo JPEG, piga faili ghafi. Kila baada ya picha 30 rudisha wingu katikati. Ukimaliza funika lenzi na kifuniko chake, piga nyingine 30 za giza tupu kwa mipangilio ile ile na hapo hapo nje penye baridi. Hizo programu inazitumia kutoa madoa ya sensa. Siril inafanya yote haya na ni ya bure, DeepSkyStacker pia. Inazipanga nyota zikae juu ya nyota na kutafuta wastani. Chengachenga zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: picha 100, mara kumi. Ukitaka mara ishirini unahitaji 400. Hapo ndipo ndoa hujaribiwa.

Picha ikitoka ya kwanza itakuwa nyeusi tii. Usilie. Mwanga umo, umejibana chini kabisa, utauvuta taratibu. Kuvuta huko ni kama mkono wako wa pili wa rangi, ukiharakisha unaona mabaka.

Fundi_Brashi

Siku tisa zimepita, mawingu yalinikalia sita. Nimepata picha 187 zilizo safi, nyingine nilipiga teke stendi.

Wakuu. Lina mabawa! Sikujua lina mabawa. Bawa la kushoto limejikunja kama pazia likipigwa upepo, na mpaka wake si waridi tena, unaelekea damu ya mzee. Na kuna kawingu kengine kadogo juu yake chenye ubluu uliotulia, ule ubluu ambao wateja hawauchagui kwa sababu kwenye kadi unaonekana kama kijivu. Nimekaa nacho mpaka alfajiri.

Matatizo mawili. Katikati pameungua, peupe pe, zile nyota nne za pale ndani sizioni wakati kwenye darubini nazihesabu. Na kuna mstari mwembamba ulionyooka umekatiza kona.

Mama nilimpa jibu la Bi Kilimia neno kwa neno. Akasema anataka kuchungulia mwenyewe. Alikaa kwenye darubini muda mrefu kuliko mimi, akasema, "Hii ya kijivu ndiyo naiamini, ila ile nyingine ndiyo nitatundika ukutani."

Mkesha_Hoi

Mstari ni satelaiti. Kwenye Siril, wakati wa kupanga, washa ile sehemu ya kukataa vipimo vilivyopotoka. Kitu kilichotokea kwenye picha moja kati ya 187 kinatupwa. Katikati: piga 50 nyingine za sekunde 1, zipange peke yake, kisha uzibandike juu ya pale palipoungua. Hakuna picha moja inayoshika mabawa na zile nyota nne kwa pamoja, tofauti ya mwanga ni kubwa mno.

Bi_Kilimia

Hicho kibluu juu ya wingu usikifute kwa bahati mbaya ukirekebisha rangi. Chenyewe hakitoi mwanga wake, ni vumbi linaloakisi nyota za jirani, na vumbi huakisi bluu vizuri zaidi. Umeiona mwenyewe bila kuambiwa, jicho la kazi hilo.

Fundi_Brashi

Asanteni. Sekunde moja, picha 50, leo usiku kama kutakuwa kweupe. Mwenye darubini kapiga simu mara mbili anaitaka. Nimemwambia bado naikagua.